Nyokabi na Watawa Wasio na Majina

Siku Daisy alipomwambia mama yake kwamba anakwenda kuwa mtawa, Mirriam alikuwa anakanda unga wa chapati, na unga ule ulikiona cha moto. Aliukanda ukawa mgumu kama mpira, akaumwagia maji ukawa uji, akaongeza unga, akaanza upya. Wenzake wa kantini walipoona mabega yake yanavyopanda na kushuka walijua hapo pana jambo, wakajitia kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Kantini hiyo iko Ras Al Khor, Dubai, katikati ya maduka ya vipuri vya magari. Wanaokula pale ni mafundi, na Waafrika wanaokuja kununua injini na milango ya gari za kupeleka kwao. Mirriam ndiye mpishi. Ni mwanamke wa Ol Kalou, mwili umejaa kiasi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Anajua ni fundi gani hajalala, nani amegombana na mkewe kwenye simu, nani anamkwepa arbab wake, yaani mwajiri wake. Jambo moja tu lilimpita, nalo lilikuwa la mtoto wake mwenyewe.

"Umesema utakuwa nini?" akauliza hatimaye.

"Mtawa, Mama. Sista."

"Sista wa hospitali?"

"Mama, umenisikia."

Daisy alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, kofia mkononi. Ni mtoto wa pekee, na alikuwa amefika umri ambao mama yake alipoufikia alikuwa ameshaolewa na kuzaa. Alikuja Dubai kumfuata mama, akapata kazi katika kampuni ya ulinzi, na kampuni ikampeleka kwenye kisiwa kidogo upande wa kaskazini, nje ya Dubai, ambako wataalamu walikuwa wamefukua kuta za nyumba ya watawa wa zamani sana. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye lango la uzio na kuwazuia wageni wasikanyage kuta. Akalinda mawe mwaka wa kwanza, akalinda mwaka wa pili, na katika kuyalinda mawe, mawe yakamkamata yeye.

"Ni masista wa karibu na Nyahururu," akaendelea. "Wanalea watoto waliotupwa. Nimeongea nao muda mrefu kwa simu. Wamenikubali. Mwisho wa mwezi naacha kazi. Baba ameshasema ni sawa."

"Gibson!" Mirriam aliutupa unga mezani. "Baba yako atasema ni sawa hata ukimwambia unakwenda kuwa ng'ombe, mradi umwachie asikilize taarifa ya habari."

"Lakini sitapanda ndege bila wewe kunitemea mate."

Kwao, mzazi anapombariki mtoto anayekwenda safari kubwa, humtemea mate kifuani. Ni matone tu, kama mtu anayepuliza unga. Mtoto aliyeondoka bila matone yale ameondoka uchi, hata akivaa makoti mawili. Daisy alikuwa msichana wa simu na vipuli vya masikioni, lakini hilo alilishika.

"Basi utazeekea hapa Dubai," akasema Mirriam, "kwa sababu mdomo wangu umekauka."

Siku ile wateja wa Ras Al Khor walikula chapati ngumu kama vifuniko vya injini, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Hasira ya Mirriam haikuwa ya kumchukia Mungu. Na Mungu walikuwa wanaelewana. Kila wiki alikwenda kanisani Oud Metha, akabanana na Wafilipino na Wahindi kwenye misa, akawasha mshumaa wake. Hasira yake ilikuwa ya jina.

Kule kwao majina hayachaguliwi. Msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Wa pili huchukua jina la mama wa mama yake. Mpango huo hauna mjadala, na kwa mpango huo bibi hafi akaisha: siku moja ataitwa kwa sauti uwanjani, na kitoto kitaitika kikija mbio. Daisy ana jina lake la nyumbani, Wanjeri, la mama yake Gibson. Yule bibi alipata haki yake mapema, akafa ameridhika. Mirriam yeye ni Nyokabi. Baada ya Daisy alipata mimba moja ikaharibika, halafu akaja Dubai, na mambo ya kuzaa yakaishia hapo. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu. Daisy aolewe. Azae msichana wa kwanza, wa mama mkwe wake. Azae wa pili, Nyokabi. Wenzake walipoomba wajukuu, wao waliomba wajukuu tu. Mirriam alimwomba Mungu wawili, wa kike, kwa mpangilio.

Na alikuwa na sababu ya kulililia jina lile kuliko wenzake. Nyumba ya kwanza aliyofanyia kazi ilikuwa Mirdif, na madam wa nyumba aliitwa Maryam. Siku ya kwanza kabisa, begi bado liko mlangoni, madam alisema haiwezekani wawe wawili wenye jina moja chini ya paa moja. Akamtazama juu mpaka chini, kama mtu anayechagua rangi ya pazia.

"Wewe Rozi," akasema. "Khalas."

Khalas kwao ni basi, imekwisha, na khalas ikawa khalas. Miaka kumi na moja alikuwa Rozi. Alilea watoto watatu wa madam, akawaogesha, akawabeba walipokuwa na homa. Yule mdogo alipoanza kusema, alijaribu kumfundisha kwa siri jikoni: Nyokabi. Mtoto akafika "Kabi", akawa anamfuata nyumba nzima akiita Kabi, Kabi. Madam akasikia. Akasema Rozi asimchanganye mtoto. Mirriam alikwenda bafuni, akafungua bomba kubwa, akakaa humo mpaka macho yakatulia.

Sasa aliishi Naif, katika chumba cha kupanga kitanda, wanawake kitanda juu kitanda chini, kila mmoja na pazia lake. Jirani wa kitanda cha chini alikuwa Rukiya, Mswahili wa Mombasa, mfanyabiashara wa mabuibui na nguo za watoto anazozinunua Deira na kuzipeleka kwao kwa mizigo. Rukiya humwita Mama Daisy, kama wote wanavyomwita.

"Mama Daisy, hebu shuka unywe chai," alisema Rukiya jioni ile. "Tangu uingie wasonya tu huko juu, kitanda chatikisika, nami nimelala chini naogopa."

"Niache, Rukiya."

"Wenzio wana wao hutoroka na wanaume. Wako atoroka na Mungu, nawe walia! Wamtaka mkwe gani aliyemshinda huyo?"

"Mkwe asiyezaa."

Rukiya akacheka mpaka akapaliwa. Mirriam hakucheka. "Na watambadilisha jina," akasema nyuma ya pazia. "Masista hubadilishwa majina. Ataitwa sijui nani wa Msalaba. Na mimi nitaitwa mama nani? Rozi lilinikuta nikiwa na jina, likalifukia. Hili sasa linachukua hata lile la kuazima, la Mama Daisy."

Rukiya akaupitisha mkono juu na kikombe cha chai, na Mirriam akakipokea kwa sababu mkono ulikuwa umeshafika.

Siku zilikwenda. Daisy alikuwa akipiga simu kila jioni, na kila jioni mama alikuwa akimwuliza habari za kula, za kufua, za kulala, za kila kitu isipokuwa hilo. Daisy akiligusa, simu inakatika. Mwishowe, wiki moja kabla ya ndege, Mirriam mwenyewe ndiye aliyepiga.

"Siku yangu ya kupumzika utanipeleka huko kisiwani. Nataka kuwaona hao walionichukulia mtoto."

"Mama, walikufa zamani sana."

"Nitawaona hivyo hivyo."

Rukiya alisema hawezi kuikosa sinema hiyo, akakaanga mahamri, akajaza chai kwenye chupa, akajikaribisha safarini.

Walivuka kwa boti ndogo ya injini, vichwa vimefungwa mitandio kwa upepo. Njiani Mirriam hakutazama bahari wala ndege. Alimtazama Daisy, alivyokuwa akikishika kiti cha boti kwa mazoea kama mtu anayekwenda kwake, na hilo likamchoma zaidi.

Aliyewapokea alikuwa Msellem, mtu wa makamo, kanzu nyeupe na raba miguuni. Wazee wake walitoka Unguja, yeye alizaliwa Dubai, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado cha kule. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni, na aliipenda, maana wageni humsikiliza na nyumbani hasikilizwi.

"Karibu, karibuni. Mama yake Daisy! Mwanao huyu ndiye mlinzi peke yake anayeniuliza maswali. Wengine hulala."

"Laiti angelala," akasema Mirriam.

Msellem akadhani ni mzaha, akacheka, akaanza. Kulikuwa na kuta za mawe, zinafika magotini, zinakata mchanga mraba baada ya mraba. Ukizitazama kwa mbali unaweza kudhani mtu alianza kujenga wiki iliyopita akafilisika.

"Kwanza walikuja wachache," akasema Msellem, "watu wa dini ya Nabii Isa, kabla Uislamu haujafika pande hizi. Walitaka pahala pa kimya. Wakajenga ile nyumba ndogo, kule mwisho, mnaiona? Vyumba vichache na pa kusalia, basi. Halafu wakafuatwa na wengine, ikajengwa kubwa hii, yenye kanisa, ukumbi wa kulia chakula, tanuri la mkate. Ile ndogo ikabaki ya wale waliotaka kimya zaidi, nayo ikifuata amri za hii kubwa, na hii kubwa ikifuata za wakubwa wao huko Iraki na Uajemi. Walikuwa wakivua, wakifuga, wakipika mkate wao, wakisali usiku na mchana."

"Na wanawake?" akauliza Mirriam.

"Hapa tunadhani walikuwa wanaume tu, bibie. Nyumba za wanawake zilikuwako kwengine."

"Mkate walipika wenyewe?"

"Wenyewe."

"Hapo angalau," akasema Mirriam.

"Uislamu ulipokuja," Msellem akaendelea, "hakuna aliyewafukuza. Walikaa na majirani zao muda mrefu, huyu na dini yake na yule na yake. Halafu kidogo kidogo nyumba zikabaki tupu. Hatukukuta alama ya moto wala ya upanga."

"Walikwenda wapi?"

"Wallahi hatujui."

"Waliisha," akasema Mirriam. "Usiseme hujui. Sema waliisha. Watu wasiozaa wataendaje? Huisha."

"Mama," akasema Daisy kwa sauti ya chini.

"Nini? Si tumeletwa kujifunza?"

Rukiya alikuwa ameketi kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi na kifurushi cha mahamri, anatafuna, macho yanakwenda kwa huyu na kurudi kwa yule.

Daisy akamshika mama yake mkono, akampeleka kwenye mraba mmoja mdogo karibu na kanisa. "Hiki ndicho nilitaka ukione," akasema. "Chumba cha mtawa mmoja. Hapa alilala, hapa alisali. Mimi hukaa hapa saa za mapumziko."

Mirriam aliingia. Akanyoosha mikono, vidole vikakaribia ukuta huku na huku. Akatazama pale pa mkeka, akatazama kona ya kuwekea taa. Alikaa kimya, na Daisy akakiona kimya kile akakifurahia, kwa sababu hakujua kimeficha nini.

"Unaona, Mama? Nilipokiona mara ya kwanza nilikufikiria wewe. Unaamka alfajiri haijafika, unawapikia watu, unarudi, unavuta pazia, unashika rozari. Huna cha kwako. Nikasema, mama yangu ameishi hivi miaka yote. Mama yangu ni mtawa tayari."

"Nyamaza!"

Sauti ilifika mpaka botini. Msellem akageuka.

"Mimi ni mtawa? Mimi?" Mirriam akajigonga kifua kwa kidole. "Hiki chumba nakijua. Usinionyeshe. Nimelala humu tangu nilipofika nchi hii, kwa madam chini ya ngazi, na sasa Naif nyuma ya pazia, nasikia kila mtu anavyokohoa. Lakini mimi sikukichagua! Nililala kwenye shimo ili wewe usilale kwenye shimo, Daisy. Ndio maana nililala! Nawe umekuja, umelitazama shimo langu, umelipenda?"

Daisy alirudi nyuma hatua moja.

Mirriam akatoka mle chumbani, akamwendea Msellem moja kwa moja. "Wewe. Waliitwa nani?"

"Nani, bibie?"

"Hawa. Wako wengi, walikaa miaka mingi, wewe unajua mpaka walipopikia mkate. Nipe jina la mmoja. Mmoja tu."

Msellem akajikuna shingo. "Tumekuta vigae, mifupa ya samaki, misalaba ya chokaa, vikombe. Jina… hapana. Hata moja hatukulikuta."

"Hata moja!" Mirriam alimgeukia mwanawe. "Umesikia? Wamesali, wamefunga, wamejinyima, na leo hata mbwa hajui waliitwa nani. Hapa ndipo unapokwenda. Na unanibeba na mimi!"

Hapo Daisy akalia. Alilia wima, mikono imening'inia, kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo. Lakini katikati ya kulia kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo na sasa hana njia ila kuitoa.

"Si kweli kwamba nimekusahau," akasema. "Nilitaka kukushtukiza siku ya nadhiri, lakini basi. Wale masista humwacha mtu achague jina la utawa, hata la nyumbani. Nimeshawaambia. Nitaitwa Sista Nyokabi."

"Mashaallah," akasema Rukiya, mkono kifuani, mahamri mdomoni. Hata Msellem alitabasamu. Kila mtu alimngoja Mirriam alainike.

Mirriam alimtazama Daisy kama anayemtazama mtu aliyekanyaga kaburi.

"Una wazimu?"

"Mama…"

"Una wazimu, Daisy? Uchukue jina langu, wewe? Mtoto achukue jina la mama yake?"

"Kwani kuna ubaya gani, jamani?" akauliza Rukiya. "Kwetu mtu humpa mwanawe jina alitakalo."

"Kwenu. Kwetu jina linaruka. Linapita juu ya mtoto, linamshukia mjukuu. Mjukuu akiwa Nyokabi, Gibson atamwita mke wangu, atamtania, atamwambia njoo unipikie chai, sote tucheke. Sasa huyu akiwa Nyokabi, baba yake atamwitaje? Mke wangu? Binti yake wa kumzaa?" Rukiya akafunika mdomo. "Akilichukua yeye, limefika mwisho. Amesema mimi nimekwisha, halafu amejifanya mama yake mwenyewe. Hata mtoto mdogo anajua!"

"Mimi sikujua," akasema Daisy.

Alisema polepole, akiyapangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Nani angeniambia, Maitu?" Hilo ndilo neno la kwao la kumwita mama, na Daisy hakuwa amelitumia tangu shule ya msingi. "Nilikuwa shule ya bweni. Likizo nilikuwa na Baba na redio yake. Haya mambo husemwa jikoni. Wewe ulikuwa jikoni kwa madam."

Upepo ulipita juu ya kuta. Hasira ya Mirriam haikupungua kwa maneno yale. Iliongezeka, ila sasa hakujua aitupe wapi. Madam alikuwa mbali, Gibson alikuwa mbali, na watawa walikuwa mchanga. Akawaacha wote, akaenda zake peke yake kati ya kuta, akitembea kwa kishindo mahali pasipo na sakafu ya kupiga kishindo.

Alisimama mbele ya shimo la duara lililojengwa kwa mawe na kusakafiwa kwa chokaa, lenye ngazi ndogo ya kushukia. Msellem, ambaye hawezi kumwona mgeni amesimama mbele ya kitu asikieleze, akaja mpaka hatua salama.

"Hilo ni birika la ubatizo," akasema kwa uangalifu.

"La nini? Si umesema walikuwa wanaume tu? Watoto watoke wapi?"

"Wao hawakuwa nao. Lakini ng'ambo ya maji palikuwa na kijiji cha wavuvi, tumekikuta hicho nacho. Wataalamu wanadhani wanakijiji wakivuka na watoto wao, wakibatiziwa hapa, wakipewa majina, wakarudi."

Mirriam aliinama, akatazama ndani. Mchanga tu, na mjusi.

"Kwa hiyo walikuwa wanawapa majina watoto wasiowazaa."

"Naam, bibie."

"Na majina yakarudi kijijini."

"Yakarudi. Yao wenyewe ndiyo yaliyopotea. Yale waliyoyatoa, nani ajuaye? Pengine watu wanaitwa hayo mpaka leo."

Mirriam alibaki ameinama muda mrefu kiasi kwamba Msellem alianza kuogopa kwamba jua limemwingia kichwani. Halafu akaita, bila kugeuka. "Daisy! Njoo hapa."

Daisy akaja. Rukiya akaja nyuma yake, na chupa ya chai.

"Hao watoto wanaotupwa kwa masista wako. Wanakuja na majina?"

"Wengine wanayo. Wengine huokotwa tu, wamefungwa shuka. Hao masista huwapa."

"Huwapa ya nani?"

"Mara nyingi ya mtakatifu wa siku ile."

"Ya mtakatifu wa siku ile," akarudia Mirriam, na kila neno lilitoka limechomwa. "Mtu anatazama kalenda ukutani, anamwambia mtoto, wewe Rozi, khalas."

"Si hivyo, Mama."

"Ni hivyo! Sasa nisikilize, na usinikatize. Wewe ni Wanjeri. Mama mkwe wangu alikupa jina lake akiwa hai, kaa nalo. Utawaambia masista hivyo, Sista Wanjeri, na langu ulitoe mdomoni mwao leo hii, kabla halijazoeleka. Na mtoto wa kike wa kwanza atakayeletwa pale hana jina, utamchukua wewe, kwa mikono yako, si ya sista mwingine. Utamwita Nyokabi."

Daisy alifumba na kufumbua macho. Alikuwa ameshajifunza kitu kimoja siku ile na alitaka kuonyesha. "Wa kwanza? Si ulisema wa kwanza ni wa mama mkwe? Wa pili ndiye…"

"Una mume?"

"Sina."

"Huna mume, huna mama mkwe. Nimngoje nani? Wa kwanza ni wangu!"

Rukiya alicheka mpaka akaketi juu ya ukuta wa kale, na Daisy, mlinzi mpaka mwisho, akamwinua upesi.

"Na utamwambia Nyokabi ni nani," akaendelea Mirriam. Hakuwa anacheka hata kidogo. "Akianza kusikia, umwambie. Nyokabi yuko hai, anapika Ras Al Khor, anaumwa goti, anataka kuonwa. Umfundishe mambo ya jikoni. Asije akakuzwa kama wewe, na redio. Na Gibson nitamwambia mwenyewe, aache habari zake aende Nyahururu akamwite mke wake mpya, anunue na peremende."

"Sawa, Maitu."

"Sijafurahi. Usidhani nimefurahi."

"Sijadhani."

"Nimekasirika mpaka kwenye mifupa."

"Najua."

"Leta hiyo chai," akamwambia Rukiya. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akalimeza. Akamvuta Daisy kwa ukosi wa blauzi, akamtemea mate kifuani, kwa nguvu kuliko ilivyo desturi.

"Astaghfirullah!" Msellem aliruka. "Bibie! Mwanao! Umemkasirikia, sawa, lakini si kumtemea mtu mate hadharani!"

"Nyamaza wewe," akasema Rukiya. "Abarikiwa huyo. Nami nilikuwa sijui mpaka majuzi."

Daisy alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho. Hakufuta.

Wakati wa kurudi botini Mirriam alipita tena karibu na kile chumba kidogo. Hakukiingia. Alikitazama tu kwa jicho la pembeni, kama unavyomtazama mtu mliyegombana naye na mtakayeendelea kuishi naye nyumba moja. Rukiya alimpa Msellem mahamri yaliyosalia, kwa ajili ya mshtuko alioupata.

Boti ilipowashwa, Daisy alimkalia mama yake karibu, bega kwa bega. Mirriam hakusogea, wala hakumshika mkono. Alikuwa akitazama mbele, uso umekunjwa vilevile kama wakati wa kuja, na midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayepanga maneno ya kesi.

"Na kitu kingine," akasema, akipaza sauti juu ya injini. "Mtu yeyote pale, awe sista, awe padri, awe askofu mwenyewe, akiona jina ni gumu, akataka kumwita Rozi…"

"Nifanyeje?"

"Usifanye kitu. Nipigie simu mimi."